RAM ipi kwa kompyuta ya bajeti ndogo?

Swali: Naunda kompyuta ya mezani kwa prosesa ya Ryzen 5 5600 na ubao mama wa B550. Fedha ni kidogo, ila ningependa kuipandisha kasi kiasi. Ninunue RAM gani?

Jibu: Nunua DDR4 ya GB 16, vijiti viwili vya GB 8 vinavyouzwa pamoja. Viwili huipa prosesa njia mbili za kupitishia data. Kimoja cha GB 16 kitaiachia njia moja tu.

Chagua kasi ya 3600 yenye CL18, au 3200 yenye CL16 ukiikuta kwa bei ya chini. Zote huchelewa nanosekunde 10. Usilipie zaidi ya 3600, kwani juu ya hapo prosesa hii mara nyingi hushindwa kwenda sambamba na RAM.

Ukishafunga, ingia BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM itafanya kazi kwa kasi ya chini. Volti 1.35 ni salama. Kisha ipime kwa MemTest86 usiku kucha. Ikitokea hitilafu hata moja, punguza kasi: data zako zina thamani kuliko kasi hiyo ndogo ya ziada.