SOMO LA WIKI: Muziki wa hoteli kutoka kwenye seva yako mwenyewe

Kila msimu wa wapanda mlima unapokaribia mwezi Juni, wenye hoteli, baa na mikahawa kuanzia Moshi mjini hadi Marangu na Machame hupanga bajeti ya chakula, gesi na mashuka. Muziki husahauliwa. Huachiwa simu ya mhudumu, na gharama yake hujificha ndani ya bando. Wiki hii tunaweka kando bei za kahawa na ndizi, tufanye hesabu ya muziki.

Hesabu ya data

Muziki wa mtandaoni wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa. Baa inayopiga muziki saa 12 kwa siku hutumia gigabaiti 1.7 kila siku, yaani karibu 52 kwa mwezi. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 hula karibu gigabaiti 21 kwa mwezi. Mfanyabiashara azidishe mwenyewe kwa bei ya bando lake.

Kwa upande mwingine, wimbo wa dakika 4 wa kiwango hicho cha juu una megabaiti 9.6. Nyimbo 3,000 hazifiki gigabaiti 29, na zikishaingia kwenye diski yako hupigwa mwaka mzima bila kununua data tena.

Fundisho la mwaka 2024

Kampuni ya Logitech ya Uswisi ilinunua Slim Devices, watengenezaji wa mashine za muziki za Squeezebox, mwaka 2006. Mwaka 2012 iliacha kuziuza, na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni iliyokuwa ikiziendesha. Waliotegemea huduma hiyo peke yake walibaki na mashine nzima zisizo na wa kuziamuru. Waliokuwa na seva nyumbani waliendelea kupiga muziki kama kawaida, kwa kuwa programu ya seva ilikuwa wazi kwa kila mtu. Programu hiyo bado inatunzwa na watu wa kujitolea na hutolewa bure kwa jina la Lyrion Music Server.

Mwenye kutegemea ghala la mwingine hufungiwa siku mwenye ghala akiondoka. Hivyo basi, seva iwe yako.

Vifaa

Zinahitajika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kadi ya kumbukumbu, diski ya USB ya kuwekea nyimbo, ruta na amplifaya yenye spika ulizonazo. Modeli ya 4 ina tundu la waya wa sauti. Modeli ya 5 haina, na itahitaji kadi ya sauti ya USB. Kwa makadirio ya wati 5, kompyuta hiyo ikiwashwa mchana na usiku itakula yuniti 3.6 za Luku kwa mwezi.

Hatua za kufuata

1. Pakua programu ya piCorePlayer na uiandike kwenye kadi ya kumbukumbu ukitumia kompyuta nyingine. Pakua mara moja tu, na uhifadhi nakala.

2. Unganisha Raspberry Pi na ruta kwa waya, kisha iwashe. Angalia katika ukurasa wa ruta imepewa anwani gani. Ifanye iwe ya kudumu, isije ikabadilika umeme ukikatika na kurudi.

3. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu. Katika ukurasa utakaofunguka, chagua tundu la sauti, panua nafasi ya programu kwenye kadi, kisha sakinisha seva, ambayo hapo huitwa LMS.

4. Chomeka diski na uiunganishe katika ukurasa huohuo. Halafu andika tena ile anwani ukifuatisha nukta mbili na namba 9000. Ionyeshe seva folda ya nyimbo, nayo itazipanga kwa wasanii na albamu.

5. Sasa simu yoyote iliyo kwenye mtandao huo inaweza kuchagua wimbo na kupunguza sauti. Ukitaka muziki bustanini pia, weka Raspberry Pi ya pili yenye piCorePlayer bila seva. Itaonekana kwenye orodha, na sehemu zote mbili zinaweza kupiga wimbo mmoja kwa pamoja.

Tahadhari

Umeme ukikatika ghafla huweza kuharibu kadi. piCorePlayer ina nafuu kwa kuwa hupakiwa kwenye kumbukumbu ya muda na haiandiki kadi mara kwa mara, lakini diski ya nyimbo haina kinga hiyo. Weka betri ya akiba, na nakala ya pili ya nyimbo kabatini.

Aidha, wageni wapewe mtandao wao tofauti, la sivyo kila mgeni atakuwa DJ. Usiifungue namba 9000 kwa intaneti ya nje.

Mwisho ni sheria. Kuwa na seva si kuwa na haki ya kupiga muziki hadharani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wasanii, na biashara inahitaji kibali; ulizia COSOTA utaratibu wa sasa kabla ya kuwasha spika. Usitegemee akaunti binafsi ya Spotify, iliyofika nchini mwaka 2021, kwani masharti yake ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Nunua nyimbo, au nakili CD ulizonunua, kisha ulipe kibali.

Gharama ya vifaa hulipwa mara moja, ya bando kila mwezi. Piga hesabu ya miezi 12 zote mbili, uone ipi inabaki mfukoni.