SOMO LA 11: MATANDIKO YA KIOTA CHA KUKU



Kuku wako ameanza kuatamia. Anatutumua manyoya, analia kwa sauti nzito, hataki kuondoka kiotani. Umempa mayai 12. Siku 21 zimepita na wametoka vifaranga 3 tu. Mayai 9 ni viza.

Jirani anasema, "Kuku huyu ana mkosi." Mwingine anasema jogoo amezeeka. Huenda ni kweli kuhusu jogoo. Lakini kabla hujamchinja mtu yeyote katika familia hiyo, inua majani ya kiota utazame chini yake. Je, majani yana maji? Yana ukungu? Utitiri unatembea?

Somo hili linaeleza vitu vya kutandika chini ya mayai, mahali pa kuvipata hapa Turiani, na namna ya kuvitayarisha.

Yai linataka nini?

Yai linataka joto, unyevu kidogo na hewa. Gamba lake lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kifaranga aliyemo ndani hupata hewa kwa njia ya vitundu hivyo. Maji ya yai nayo hutokea humo, kidogo kidogo. Kiota kikikauka mno, utando wa ndani humnata kifaranga naye hushindwa kutoka. Kiota kikilowa, ukungu huota na yai huoza.

Tazama wanyama wengine wanaotaga mayai. Mamba wa Mto Wami huchimba shimo kwenye mchanga wa ukingoni. Hutaga mayai mengi, 50 hivi, kisha huyafukia. Yeye hayaatamii. Jua huupasha mchanga joto, na ardhi ya chini hutoa unyevu. Baada ya miezi 3 hivi, watoto huanguliwa. Kenge ana ujanja wake. Hutoboa kichuguu chenye mchwa na kutaga humo. Mchwa wenyewe huliziba tundu! Ndani ya kichuguu mna joto na unyevu usiobadilika sana mchana na usiku. (Usiende kufukua mayai ya mamba ili uhakikishe maneno haya. Mama yao hakai mbali.)

Kuku hutoa joto mwilini mwake. Hata hivyo tunaweza kuiga jambo moja la mamba: kuweka ardhi chini ya mayai.

Jambo jingine tusiliige. Mayai ya mamba na ya kenge hayageuzwi. Ukiyageuza baada ya kukaa, kiumbe aliyemo aweza kufa. Mayai ya kuku lazima yageuzwe. Kuku huyageuza kwa mdomo wake mara nyingi kila siku. Mayai yakizama katika majani marefu, hawezi kuyageuza.

Tutandike nini?

Tabaka la chini ni udongo au mchanga. Mchanga wa mtoni unafaa. Uchekeche utoe mawe. Ukaange katika chungu kikuukuu mpaka uwe moto, ili wadudu wafe. Uache upoe kabisa.

Tabaka la juu ni majani makavu. Hapa kwetu mabua ya mpunga hayanunuliwi. Baada ya mavuno yamejaa mashambani. Nyasi laini za kawaida zinafaa pia. Maranda ya seremala ni mazuri, lakini usichukue ya mbao zilizopakwa dawa. Unga wa msumeno usichukue, maana vumbi lake humsumbua kuku. Maganda ya mpunga huteleza, mayai hutawanyika; yatandaze sakafuni mwa banda. Majani ya miwa yana makali, yaache shambani. Matambara nayo hunasa kucha za kuku. Akishtuka na kuruka, hutoka na tambara pamoja na mayai.

Namna ya kutayarisha

Nitakueleza kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja wakati wa masika nilichukua mabua ya mpunga kutoka shambani. Kwa macho yalikuwa makavu. Niliyatandika siku ile ile. Siku ya kumi nilisikia harufu ya uvundo. Katika mayai 11 nilipata vifaranga 2, na mmoja alikufa.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Naanika mabua juu ya jamvi siku 2 za jua kali, nayageuza mchana. Jioni nayaingiza ndani, maana umande wa milimani hurudisha maji yote. Kisha nachukua bua moja na kulikunja. Likivunjika kwa mlio, limekauka. Likipinda tu, narudisha juani. Mwisho nayakata yawe mafupi, urefu wa kiganja.

Sasa chukua kikapu, boksi au chungu kilichovunjika, chenye upana wa sentimita 30 hadi 35. Mwaga mchanga kina cha vidole 3. Wakati wa kiangazi unyunyizie maji kidogo. Wakati wa masika usinyunyize. Ukandamize kwa ngumi uwe kama sahani, katikati pabonyee. Mayai yatakusanyika pale, wala hayatabingirika ukingoni na kupoa. Juu yake nyunyiza jivu baridi la jikoni kwa ajili ya utitiri. Nasema baridi. Kaa moja likiwemo, umechoma banda. Kisha tandika majani, kina cha vidole 2.

Weka kiota mahali penye kivuli na utulivu. Kikiwa juu ya meza, simamisha miguu yake katika makopo yenye oili chafu. Siafu hawatapita. Weka mayai 10 mpaka 12 yasiyozidi siku 7 tangu yatagwe. Maji na mahindi yawe karibu, kwa sababu kuku hutoka kwa muda mfupi tu.

Siku ya 7, usiku, pima kila yai kwa mwanga wa tochi, hata ya simu. Likionyesha mishipa myekundu, lina kifaranga. Likiwa jeupe lote, liondoe. Majani yaliyochafuka au kulowa badilisha saa hiyo hiyo, kuku akiwa nje anakula.

Vifaranga wakishatoka wote, choma majani yale. Utitiri uliobaki humo unamngoja kuku mwingine.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini tunaweka mchanga chini ya majani?
2. Mayai ya mamba na mayai ya kuku yanatofautianaje?
3. Utajuaje kwamba mabua yamekauka?
4. Kila mmoja ataje idadi ya mayai aliyoatamisha mara ya mwisho na vifaranga aliowapata. Andikeni hesabu hizo ubaoni. Kisha nendeni pamoja mkatazame kiota cha yule aliyepata wachache, kama mwenyewe atakubali.