Chanjo ya mnyama wa pori inaanzia kwako nyumbani



Siku moja tulikuwa tunafundisha juu ya magonjwa ya mbuzi, katika kijiji kimoja karibu na parki. Mama mmoja akasimama, akasema: «Agronomu, gorilla wa parki wako na madaktari. Gorilla akikohoa, watu wanamupandia milima. Mbuzi yangu ikikohoa, inakufa. Sasa juu ya nini munatuambia tulinde wanyama wa pori?» Watu wote wakapiga mikono.

Swali lile ni la haki, na siku ile sikulijibu vizuri. Somo hili ni jibu langu.

1. Kuchanja mnyama wa pori ni kazi ngumu

Mbuzi unamukamata shingo, unapiga sindano, imeisha. Mnyama wa pori hakamatwi hivyo. Kuna njia mbili zinazotumiwa mara nyingi. Ya kwanza ni kumupiga sindano kwa mbali na bunduki ya hewa. Ya pili ni kuficha dawa ndani ya chakula anachopenda.

Njia ya kwanza ilitumiwa kwa gorilla wa milima upande wa Rwanda, mwaka 1988. Ugonjwa wa kifua uliingia kati yao, wengine wakakufa, na waganga wakaogopa kwamba ni surua, ile inayoshika watoto wetu. Basi wakachanja gorilla zaidi ya 60, mmoja mmoja, kwa chanjo ya surua ya watu. Gorilla yuko karibu sana na mtu kwa damu, ndiyo sababu kikohozi chetu kinaweza kumuua. Na wako wachache: hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilifikia 1063 dunia nzima.

Njia ya pili inatumiwa Ethiopia, katika milima ya Bale. Kule kuna mbweha mwekundu anayekula panya. Wamebaki chini ya 500. Kichaa cha mbwa, ambacho wengine wetu wanaita raji, kimeua mbweha wale mara nyingi. Tangu mwaka 2018 wanawawekea chanjo ndani ya vipande vya nyama ya mbuzi, usiku, mahali wanapopita.

Kumbukeni pia kwamba chanjo nzuri kwa mnyama mmoja inaweza kuwa sumu kwa mwingine. Chanjo hai ya distempa, iliyotengenezwa kwa mbwa wa nyumbani, ilikwisha kuua mbwa mwitu wa Afrika, wale wenye mabaka, waliofugwa. Kwa hiyo mtu asijaribu mwenyewe.

2. Ugonjwa ule ulitoka wapi?

Hapa ndipo somo lenyewe. Mbweha wa Ethiopia walipata raji kwa mbwa wa wachungaji. Kule Mongolia, mwaka 2016 na 2017, maelfu ya swala wanaoitwa saiga walikufa na PPR, ugonjwa uliotoka kwa mbuzi na kondoo wa wafugaji. Ugonjwa huohuo, tauni ya mbuzi, uliua mbuzi wengi huku kwetu Congo mwaka 2012.

Sasa angalieni upande wa pili. Wazee wanakumbuka sotoka ya ngombe. Ilimaliza ngombe, ikamaliza mbogo na nyumbu. Waganga hawakuchanja mbogo wala nyumbu. Walichanja ngombe tu. Ngombe walipopona, ugonjwa ukakosa nyumba ya kukaa, ukatoka hata porini. Kule Serengeti, Tanzania, nyumbu waliongezeka kutoka karibu 250.000 mwanzo wa miaka ya 1960 mpaka zaidi ya milioni moja mwisho wa miaka ya 1970. Na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imeisha duniani.

Basi, Mama, jibu ni hili: daktari anayesaidia mnyama wa pori zaidi ni yule anayechanja mbuzi yako na mbwa yako. Ukiona mutu anapanda mlima kwa gorilla na hakuna anayekuja kwa mbuzi yako, uko na haki ya kusema kazi imefanywa nusu. Lakini nusu ile ingine tunaweza kuianza sisi wenyewe.

3. Mambo ya kufanya katika koperativi

Mbuzi na kondoo. Chupa ya chanjo ya PPR kwa kawaida ni ya mbuzi 50 au 100. Mwenye mbuzi 4 hawezi kuinunua peke yake. Koperativi inaweza. Andikeni hesabu ya mbuzi wote, changeni franka, muite veterineri siku moja. Mbuzi achanjwe akishapita miezi 4. Chanjo moja inamulinda miaka 3 au zaidi. Dawa ikae ndani ya glasieri yenye barafu mpaka saa ya kazi. Ikishachanganywa na maji yake, itumiwe upesi. Inayobaki isilale mpaka kesho.

Mbuzi mwenye makamasi, macho yenye uchafu, vidonda mdomoni na kuhara: mutenge mbali na wenzake, na usimupeleke sokoni. Kumuuza ni kuuza ugonjwa.

Mbwa. Wachanjwe raji kuanzia miezi 3, halafu kila mwaka. Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa kila mwaka, raji inakosa njia kijijini. Usiingie na mbwa parki.

Mtoto akiumwa na mbwa. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Halafu mpeleke kituo cha afya siku ileile akapate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Alama za raji zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kikohozi chako. Unayefanya kazi ya kuongoza wageni au kubeba mizigo: ukiwa na mafua, baki nyumbani. Gorilla akishuka ndani ya shamba, msimukaribie. Muite walinzi.

4. Maswali ya kuzungumuza katika kikundi

Kijiji chetu kiko na mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa? Mbuzi wetu wote ni wangapi, na kila mwenye mbuzi atatoa franka ngapi? Nani atakwenda kuonana na veterineri, na siku gani?

Andikeni majibu katika kitabu cha koperativi kabla ya kuachana. Mkutano unaofuata, muanze kwa kuyasoma.