Somo la 9: Mkono Unaokufa Ganzi Usiku



Je, huamka usiku mkono umekufa ganzi? Je, huukung'uta ndipo upate nafuu? Soma somo hili kwa makini.

Tuchukue mfano. Mama ni mkulima, baba ni seremala. Wote wawili huamka usiku kwa ganzi. Baba husema, "Mama Watoto, huu ni uzee tu." Sivyo. Huu ni ugonjwa, nao unatibika.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Chini kuna mifupa. Juu kuna utepe mgumu kama ukanda. Ndani hupita mshipa wa fahamu. Mshipa huo ukibanwa, gumba na vidole viwili vinavyofuata hufa ganzi, pamoja na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kwa kawaida hakiguswi. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, hasa wakati wa uja uzito. Wenye kisukari nao huugua.

Kwanza daktari hutoa banzi la kuvaa usiku, au sindano. Visiposaidia, huukata ule utepe ili mshipa upate nafasi. Njia ya kawaida ni kupasua kiganja. Njia nyingine ni ya tundu dogo, la kiasi cha sentimeta 1. Daktari hutazama ndani kwa bomba jembamba lenye kamera.

Mgonjwa wa tundu dogo hurudi kazini mapema zaidi, kwa kiasi cha wiki 1. Kovu nalo halimsumbui sana. Lakini baada ya mwaka, matokeo ya njia zote mbili hukaribiana. Kwa hiyo, kama hospitali haina kamera, usikatae njia ya kawaida.

Je, nani hupona, mama au baba? Wote wawili hupata nafuu. Mara nyingi ganzi ya usiku huisha upesi. Nguvu za kushika jembe au randa hurudi polepole, kwa miezi.

Adui ni kuchelewa. Nyama ya chini ya gumba ikishakonda, huenda nguvu zote zisirudi. Nenda hospitali mapema.

Maswali
1. Kidole gani kwa kawaida hakifi ganzi?
2. Tundu dogo lina faida gani?
3. Kwa nini si vizuri kuchelewa?