Maradhi ya Pua Yawezayo Kupofusha Jicho

Watu wengi hudhani kwamba upofu huanza jichoni. Sivyo sikuzote. Jicho laweza kuwa safi, lisiwe jekundu wala lisitoe tongo, na hata hivyo likapoteza nuru kwa sababu ya maradhi yaliyo nyuma ya pua.

Ndani ya mifupa ya uso mna mapango madogo yenye hewa, ambayo madaktari huyaita sainasi. Yako jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho, na jozi ya mwisho iko ndani kabisa, nyuma ya pua. Kando ya mapango hayo ya ndani hupita mshipa wa fahamu uchukuao habari za jicho mpaka kwenye ubongo. Ukuta wa mfupa uvitengao ni mwembamba sana, na kwa watu wengine una tundu. Basi pango likiziba, kamasi au usaha hujaa na kuukandamiza mshipa ule, au uvimbe huenea mpaka mshipani. Mshipa huo ukifa, hauoti tena.

Mafua ya kawaida si ya kuogopwa, kwani hupona yenyewe. Lakini mkazi wa Kaloleni, Makongeni au Bahati asingoje hata siku moja aonapo dalili hizi: maumivu makali nyuma ya jicho, kope kuvimba, jicho kutokeza nje, kuona kitu kimoja kama viwili, au nuru kupungua. Tena yafaa ajipime hivi: azibe jicho moja, atazame kitambaa chekundu, kisha azibe la pili. Rangi ikififia kwa jicho moja tu, aende hospitali. Mwenye ugonjwa wa sukari na azidi kujihadhari, kwa maana kuvu yaweza kumea katika mapango hayo na kuenea upesi.

Matone ya macho yanunuliwayo dukani hayafiki huko ndani, wala miwani mipya haifai kitu. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko upande huo wa mji, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina madaktari wa macho na wa pua pia. Picha ya mashine ya CT huonyesha pango lililoziba; kisha mgonjwa hupewa dawa, na pengine hupasuliwa kwa kupitia puani.

Neno la mwisho ni hili: ukienda kwa ajili ya jicho, mweleze daktari habari za pua na kichwa pia. Usipomwambia, huenda akatazama jicho peke yake na kuliona zima.