Kumfundisha Algoriti Mtoto Anayejifunza Kiingereza



Kila mwaka, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ukishafanyika mwezi Septemba, kumbi nyingi za parokia hapa Tanzania hugeuka madarasa hadi kidato cha kwanza kinapoanza Januari. Watoto huja kujifunza Kiingereza, kwa sababu shule ya msingi ya serikali waliisoma kwa Kiswahili na sekondari wataisoma kwa Kiingereza. Siku hizi baadhi ya kamati zimeongeza somo la kompyuta, na maombi yanayofika ofisini kwetu yanafanana: kompyuta kadhaa, posho ya mwalimu mmoja, na mtihani wa mchujo wa Kiingereza ili kupata watoto wachache watakaotosha kwenye viti. Hoja inayotolewa ni kwamba kompyuta inaelewa Kiingereza, kwa hiyo asiyekijua asubiri kwanza.

Tunaomba hoja hiyo itazamwe upya kabla ya msimu ujao. Mtihani wa namna hiyo huwapitisha zaidi watoto waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza, yaani wale ambao wazazi wao walikwisha kuwalipia. Mchango uliotolewa kwa ajili ya mtoto wa mkulima humfikia mtoto ambaye hakuuhitaji sana. Aidha, mtihani huo haupimi kile ambacho somo la kompyuta linakihitaji. Somo la toleo hili linaeleza ni nini hasa kinachohitajika, na halimtaki msomaji awe amewahi kugusa kompyuta.

Algoriti ni nini?

Algoriti ni mpangilio wa hatua zilizo wazi, zenye mwanzo na mwisho, ambazo mtu akizifuata kama zilivyo hupata jibu la swali la aina fulani, hata asipojua kwa nini hatua hizo zinafaa. Kompyuta haifanyi kingine zaidi ya kufuata algoriti, na programu ni algoriti iliyoandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma.

Jina lenyewe si la Kiingereza kwa asili. Limetokana na Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake cha kufundisha hesabu kwa tarakimu za Kihindi kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na jina lake likaandikwa Algoritmi. Kitabu chake kingine ndicho kilichotupatia neno aljebra. Kwa hiyo hatua za kujumlisha na kuzidisha ambazo watoto wetu wanazitumia zilitoka India, zikaandikwa kwa Kiarabu, zikahamia Kilatini na baadaye lugha nyingine za Ulaya, na hazikupungukiwa na kitu njiani. Sisi wenyewe tunahesabu sita, saba na tisa kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, wala hatuoni ugeni wowote.

Mtoto wa darasa la saba anazo algoriti nyingi kichwani, isipokuwa hajaambiwa kwamba ndizo. MAGAZIJUTO ni mojawapo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe 2 + 3 × 4. Akijibu 14 wala si 20, amefuata hatua kwa utaratibu uliowekwa. Kugawanya kwa njia ndefu ni mfano bora zaidi: gawanya, zidisha, toa, shusha tarakimu inayofuata, rudia mpaka tarakimu ziishe. Hapo kuna mfuatano, kuna kurudia, na kuna sharti la kusimama, na sehemu kubwa ya somo la mwanzo la programu ni mambo hayo matatu. Mtoto huyo huyo akifika kidato cha kwanza husikia BODMAS, na wapo wanaodhani ni kanuni mpya kabisa inayopingana na ile ya zamani.

Mfano wa karatasi

Tuchukue kipindi kimoja ambacho kamati yoyote inaweza kukifuatilia. Mwalimu anakata karatasi ya manila yenye urefu wa sentimita 48 na upana wa sentimita 18, kisha anauliza: tukitaka kuigawa yote katika miraba iliyo sawa, bila kipande kubaki, mraba mkubwa kabisa utakuwa wa sentimita ngapi? Maelekezo ni haya: kata mraba mkubwa kadiri unavyoweza. Kama kilichobaki ni mraba, simama. Kama sivyo, rudia kwa kile kilichobaki.

Mtoto anakata mraba wa 18 kwa 18, kisha mwingine kama huo. Kinabaki kipande cha 12 kwa 18. Anakata mraba wa 12, kinabaki cha 6 kwa 12. Anakata mraba wa 6, na kilichobaki ni mraba wa 6. Anasimama. Jibu ni 6, na kweli 48 ni mara 8 ya 6, na 18 ni mara 3. Watoto watakumbuka kwamba hiki ndicho Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS waliyoitafuta shuleni kwa namba tasa. Njia hii ya kupunguza imo katika kitabu cha saba cha Euclid, aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na hadi leo kompyuta hutumia njia ya jamii hiyo kutafuta KKS.

Hapo ndipo Kiingereza kiingie. Mkasi ukiwa bado mezani na vipande vikiwa vinaonekana, mwalimu anaandika ubaoni maneno manne: "cut", "if", "stop", "repeat". Mtoto hayakariri maneno hayo hewani. Anayabandika juu ya kazi ambayo mikono yake imekwisha kuifanya. Kesho yake wanabadilishana: mmoja anasoma maelekezo kwa Kiingereza, mwingine anakata karatasi nyingine, tuseme ya 30 kwa 12. Ukiisimamia meza hiyo utaona mara moja nani hajaelewa neno na nani hajaelewa hatua. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Tatizo la -ki-

Tunapenda kukaa kidogo hapa, kwa kuwa jambo hili halionekani katika vitabu vya kompyuta vilivyoandikwa kwa wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni.

Mama anasema, "Maji yakichemka, tia unga." Maji lazima yatachemka, suala ni lini. Anasema tena, "Mgeni akija, mkaribishe." Huenda asije. "Ukipita dukani, ninunulie chumvi." Mara moja inatosha, hakuna atakayenunua chumvi kila anapopita. "Ukikosea, futa." Hapa ni kila mara atakapokosea. Silabi moja, -ki-, imebeba kazi nne, na kila mtoto wa Kiswahili anazitofautisha kwa akili ya kawaida bila kufundishwa.

Kompyuta haina akili hiyo ya kawaida. Katika lugha nyingi za programu "if" hupima sharti mara moja, hufanya kazi kama sharti ni kweli, kisha huendelea mbele. "While" hupima, hufanya kazi, hurudi kupima tena, na haiachi mpaka sharti liwe si kweli. Mtoto akifungua kamusi hupata kwamba "when" ni wakati na "while" pia ni wakati. Anaandika programu inayofanya kazi mara moja mahali palipotakiwa kurudia, au inayorudia bila kikomo mahali palipotakiwa mara moja. Mwalimu aliyechoka husema mtoto hana uwezo wa kompyuta. Uwezo anao. Hajaonyeshwa tu kwamba -ki- yake inapaswa kugawanywa kabla ya kuvuka kwenda lugha nyingine.

Dawa ni kuigawa kwa Kiswahili kwanza. Waambie watoto wageuze sentensi za mama: "Kama mgeni amekuja, mkaribishe." "Maadamu maji hayajachemka, endelea kusubiri." "Kila unapokosea, futa." Wakishazoea kutumia kama, maadamu na kila kwa uangalifu, maneno ya Kiingereza hupata mahali pa kukaa. Mazoezi haya hayahitaji umeme, na kwa maoni yetu yana faida kuliko wiki nzima ya kukariri msamiati.

Kuna maneno mengine ambayo wazazi huyaogopa bila sababu. "Run" ni kukimbia, "string" ni uzi, "table" ni meza, "tree" ni mti. Lakini katika kompyuta hayana maana hizo. Kwa maneno haya mtoto wa London naye ni mgeni, inambidi ajifunze maana mpya kama wetu.

Kiingereza kiasi gani?

Lugha ya Python, ambayo inatumika sana kufundishia wanaoanza, ina maneno maalumu 35 tu katika matoleo yake ya karibuni, na majuma ya mwanzo hayahitaji hata nusu yake. Ni maneno machache kuliko yaliyomo katika ukurasa mmoja wa hadithi ambao mtihani wa mchujo humtaka mtoto ausome na kujibu maswali. Ni kweli kwamba ujumbe wa makosa unaotokea kwenye kioo ni wa Kiingereza, vitabu vingi ni vya Kiingereza, na mtihani wa sekondari utakuwa wa Kiingereza. Mtoto atakihitaji sana. Tunachopinga ni kukifanya kuwa lango, wakati kinaweza kufundishwa ndani ya somo lenyewe.

Kwa parokia zenye kompyuta, ipo programu ya Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ni ya bure, inaweza kuwekwa kwenye kompyuta isiyo na intaneti, na maelekezo yake ni vipande vya rangi vinavyounganishwa badala ya kuandikwa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Mtoto anaweza kujenga programu kwa Kiswahili, kisha akabadilisha lugha kuwa Kiingereza: vipande vinabaki pale pale, rangi ile ile, maneno tu ndiyo yanayobadilika. Asome kwa sauti kile alichokijenga mwenyewe. Hatujui zoezi la kusoma Kiingereza linalompa mtoto hamu zaidi ya hilo.

Kwa parokia zisizo na kompyuta, kazi isisimame. Chuo Kikuu cha Canterbury cha New Zealand kimekuwa kikieneza tangu miaka ya 1990 michezo ya kufundishia mambo haya bila mashine. Mmoja unaofanana na michezo hiyo ni wa kukisia namba. Mtoto anaficha namba kati ya 1 na 100, wenzake wanauliza, "Ni kubwa kuliko 50?" Kila swali likigawa katikati namba zilizobaki, maswali 7 yanatosha siku zote. Ongeza hadi 1,000 na maswali 10 yanatosha. Watoto hawaamini mpaka wajaribu. Mchezo mzima unaendeshwa kwa "greater than", "less than" na "equal to", na baada ya nusu saa hakuna anayehitaji kuambiwa maana yake.

Kuhusu maombi ya msimu ujao

Tunashauri mtihani wa mchujo uondolewe. Kama nafasi ni chache na lazima kuchagua, tumieni zoezi la karatasi kwa Kiswahili na muangalie nani anafuata hatua mpaka mwisho, kisha hakikisheni watoto wa shule za serikali hawaachwi. Posho ya mwalimu mmoja ni vizuri igawanywe kwa wawili, wa hisabati na wa Kiingereza, wakiingia darasani pamoja angalau mara moja kwa juma. Kuna kamati zitakazoona hilo ni gharama. Kompyuta moja pungufu inatosha kulifidia, na watoto wawili kwenye kompyuta moja hujadiliana, jambo ambalo mmoja peke yake hawezi.

Mnapotembelea darasa, msiridhike na kuona vioo vimewaka. Mwiteni mtoto yeyote, si yule aliyeandaliwa na mwalimu, na mumwombe aeleze kwa Kiswahili programu yake inafanya nini kwanza, nini baadaye, na inajuaje pa kusimama. Akieleza vizuri huku programu ina kosa la neno la Kiingereza, hilo ni la dakika chache. Akiwa ameinakili kutoka ubaoni bila kosa lolote na hawezi kuieleza kwa lugha yoyote, andikeni hivyo katika ripoti ya robo mwaka, kwa kuwa hapo ndipo mwalimu anahitaji msaada wetu, na wafadhili wanapenda kulijua mapema.