Jopo Likikuuliza Udhaifu Wako, Jibu Hivi

"Taja udhaifu wako mmoja." Swali hili fupi huwatatiza waombaji kazi wengi, hata wenye vyeti vizuri. Wengine hunyamaza. Wengine hudai hawana udhaifu wowote. Wengine hukariri jibu walilopewa na rafiki: "Mimi hufanya kazi kupita kiasi." Wanajopo wamelisikia hilo mara nyingi, na halimwambii yeyote jambo jipya kuhusu mwombaji.

Kwa nini swali hili huulizwa?

Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka uajiri katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahili. Cheti huonyesha ulichosomea. Swali la udhaifu huonyesha kama unajifahamu, unasema kweli na uko tayari kujirekebisha. Mfanyakazi anayeficha kosa dogo katika zahanati au ofisi ya ushuru huweza kuwaletea wananchi hasara kubwa.

Hatua tatu za kujibu

1. Taja udhaifu mmoja wa kweli, usiogusa kiini cha kazi unayoomba.
2. Eleza ulichofanya ili kuurekebisha.
3. Sema umefikia wapi, bila kutia chumvi.

Chukua mfano wa kijana anayeomba kazi ya karani wa masjala. Anaweza kujibu hivi:

"Nilikuwa naona haya kuuliza nisipoelewa maagizo. Nikiwa kwenye mafunzo ya nyanjani, nilipanga faili vibaya siku nzima, ikabidi nianze upya. Tangu hapo huandika maagizo kwenye daftari na kumsomea msimamizi kabla ya kuanza. Bado husita kidogo mbele ya mkubwa nisiyemzoea, lakini siku hizi nauliza."

Jibu hili halichukui hata dakika moja. Lina tukio, lina hatua, na halijifanyi kamilifu.

Udhaifu ukigusa kazi yenyewe

Dereva hawezi kusema hupenda mwendo wa kasi, wala muuguzi kwamba hukasirishwa na wagonjwa, kisha atarajie kuajiriwa. Hata hivyo, dawa si kudanganya. Tangazo likihitaji ujuzi wa kompyuta nawe huna, usiseme unao, kwani unaweza kupewa jaribio papo hapo. Afadhali ujifunze kabla ya kutuma maombi. Ikiwa tayari umeanza kujifunza, sema umefikia wapi.

Yasiyo udhaifu

Ulemavu, ujauzito, kabila, dini na hali ya HIV si udhaifu, na hulazimiki kuyataja kama jibu la swali hili. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza mwajiri kumbagua mwombaji kazi kwa misingi hiyo. Ukiulizwa swali la aina hiyo, unaweza kujibu kwa heshima: "Naomba nieleze uwezo wangu wa kuifanya kazi hii." Mwenye ulemavu anayehitaji mkalimani wa lugha ya ishara au chumba kinachofikika kwa kiti cha magurudumu aijulishe ofisi inayoajiri mapema, kabla ya siku ya mahojiano.

Vivyo hivyo, kukaa nyumbani miaka kadhaa ukilea watoto au kumuuguza mzazi si aibu. Eleza kwa ufupi, kisha useme ulichofanya kudumisha ujuzi wako.

Zoezi la nyumbani

Soma tena tangazo la kazi na uweke alama kwenye majukumu makuu. Andika udhaifu wako mmoja ulio nje ya majukumu hayo, kisha sentensi nne za jibu. Mwombe jirani au ndugu akuulize swali hilo ghafla, nawe ujibu bila kusoma. Akikuuliza "Kwa mfano?" ukakosa la kusema, chagua udhaifu mwingine unaoufahamu kweli.

Wakazi wanakumbushwa kwamba nafasi za kazi za umma haziuzwi. Anayekuomba pesa ili "akupitishe" kwenye mahojiano anatenda kosa. Piga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi au kituo cha polisi kilicho karibu.